Kupungua kwa Matangazo ya Moja kwa Moja katika Redio za Habari za Maeneo: Chanzo, Mbinu na Athari

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti, 2024, kituo cha redio cha WCBS 880 cha jijini New York, Marekani, kilihitimisha takriban miaka 57 ya kutangaza habari mchana na usiku. Masafa yake hayakuzimwa. Yalipewa jina jipya la kituo, WHSQ, na kuanza kurusha vipindi vya michezo chini ya mkataba na kampuni nyingine. Kilichoondoka ni chumba cha habari: wasomaji wa taarifa, wahariri, waandishi waliokuwa wakizunguka mitaani na vinasa sauti, pamoja na ratiba iliyokuwa imezoeleka kiasi kwamba wakazi wa jiji hilo waliitumia kama saa ya ukutani.

Mmiliki wa kituo hicho, kampuni ya Audacy, alitangaza uamuzi huo tarehe 12 Agosti, wiki mbili tu kabla ya utekelezaji. Januari ya mwaka huohuo kampuni hiyo ilikuwa imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake ikiwa na deni la takriban dola za Marekani bilioni 1.9. Jiji la New York halikubaki bila redio ya habari, kwa kuwa kituo cha 1010 WINS, ambacho kinamilikiwa na kampuni hiyohiyo, kiliendelea. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne vituo hivyo viwili vilikuwa vikishindana kuwahi tukio, na ushindani huo ndio uliokwisha.

Yaliyotokea New York yanatokea pia katika miji mingine ya Marekani, Uingereza na Kanada, kwa kasi na sura tofauti. Mahali pengine kituo hubadilishwa kabisa. Mahali pengine, na hili ndilo la kawaida zaidi, jina la kituo hubaki, wimbo wake wa utambulisho hubaki, lakini saa za kutangaza moja kwa moja kutoka katika eneo husika hupunguzwa kidogo kidogo hadi msikilizaji anapogundua kwamba anayemsalimia asubuhi hayupo mjini kwake.

Namna redio ya habari inavyofanya kazi

Redio inayotangaza habari pekee ni uvumbuzi wa miaka ya 1960. Kituo cha WINS kilianza utaratibu huo tarehe 19 Aprili, 1965, kikafuatiwa na KYW cha Philadelphia mwezi Septemba mwaka huohuo. WCBS kilianza tarehe 28 Agosti, 1967, na kilianza kwa mkosi: siku moja kabla, ndege ndogo iliugonga mnara wake wa kurushia matangazo, ikalazimu kipindi cha kwanza cha habari kipite katika masafa ya FM ya kituo ndugu.

Fikra iliyoviongoza vituo hivi ilikuwa rahisi. Msikilizaji hasikilizi kwa saa nyingi. Huwasha redio akiwa anavaa, anaendesha gari au anapika, akasikiliza kwa dakika chache, kisha akaondoka. Kwa hiyo habari hupangwa kwa mzunguko. WINS kilijenga mzunguko wa dakika 22, ambapo mtu aliyesikiliza kwa muda huo angekuwa amepata mambo yote makubwa ya siku. WCBS, kwa upande wake, kiligawa saa kwa vipande vya dakika kumi, taarifa ya foleni za magari na hali ya hewa ikitolewa kila inapofika dakika ya 8, 18, 28, 38, 48 na 58.

Mzunguko huo ulionekana kama jambo dogo la kiutaratibu mpaka tarehe 11 Septemba, 2001. Ndege ya kwanza iligonga jengo la World Trade Center saa 2:46 asubuhi. Mtangazaji wa foleni wa WCBS, Tom Kaminski, alikuwa angani ndani ya helikopta akisubiri zamu yake ya kawaida. Ilipofika saa 2:48 aliingia hewani na kueleza alichokuwa akikiona, na taarifa yake ikawa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutangazwa kuhusu tukio hilo. Hakuna aliyekuwa amempangia kwenda kuripoti shambulio. Alikuwapo kwa sababu kituo kilikuwa na desturi ya kulipia helikopta na mtu wa kukaa ndani yake kila siku, zikiwemo siku nyingi ambazo hapakuwa na la kusema isipokuwa gari lililoharibikia darajani. Baadaye asubuhi hiyo vituo vingi vya televisheni vya jiji vilipoteza mitambo iliyokuwa imefungwa juu ya jengo hilo, na wakazi wengi wakabaki na redio.

Ugumu wa kiuchumi wa redio ya habari unaanzia hapo. Gharama yake kubwa ni ya kuwa tayari. Kipindi cha muziki kinaweza kuendeshwa na mtu mmoja na kompyuta. Saa moja ya habari za moja kwa moja inahitaji msomaji, mhariri, mtayarishaji, fundi mitambo na angalau mwandishi mmoja aliye nje ya studio, na kikosi hicho kinatakiwa kirudiwe kwa zamu mchana, usiku na siku za mapumziko. Tukio lisipotokea, mhasibu ataona mishahara iliyolipwa bila kitu cha kuonesha. Mhasibu huyo hana nia mbaya. Tatizo ni kwamba vitabu vyake havina safu ya kuandikia thamani ya mtu aliyekaa zamu usiku kucha bila kutokea jambo.

Mbinu za kubana matumizi

Mbinu ya kwanza, na kongwe, ni kurekodi sauti mapema. Mtangazaji huingia studio, akasoma maneno ya kuunganisha nyimbo na vipengele vya kipindi cha saa nne, na kazi yote ikamalizika kwa muda usiozidi saa moja. Kompyuta hupanga sauti hiyo mahali pake. Mtangazaji mmoja anaweza kwa njia hiyo kusikika katika miji mitano kwa siku, akitaja jina la kila mji kana kwamba anaishi hapo.

Mbinu ya pili ni kuunganisha vituo. Kipindi kimoja huandaliwa katika makao makuu na kurushwa katika vituo kumi au hamsini kwa wakati mmoja, huku matangazo ya biashara na salamu fupi za utambulisho zikibadilishwa kulingana na eneo. Mbinu ya tatu ni kuhamishia uandaaji wa taarifa za habari katika kitovu kimoja cha mkoa au cha taifa: mhariri aliye umbali wa kilomita mia kadhaa husoma muhtasari wa miji minne, mmoja baada ya mwingine, kwa kutumia taarifa za polisi, za manispaa na za mitandao ya kijamii. Kazi hii inaweza kufanywa kwa uangalifu mkubwa na ikawa sahihi kabisa, lakini mhariri huyo hawezi kusikia king'ora kikipita nje ya dirisha lake.

Katika miaka ya karibuni imeongezeka mbinu ya sauti za akili mnemba. Mfano uliozua mjadala mkubwa ulitokea Poland, Oktoba 2024, pale kituo cha OFF Radio Kraków kilipoweka watangazaji waliotengenezwa na kompyuta baada ya kusitisha mikataba na watangazaji wake wa awali. Malalamiko ya wananchi yalikuwa makubwa kiasi kwamba jaribio hilo lilisitishwa baada ya takriban wiki moja.

Sheria na madeni

Ni rahisi kusema kwamba intaneti ndiyo iliyoua redio ya eneo, na maelezo hayo hutolewa mara kwa mara na wamiliki wenyewe. Ukweli una sehemu zaidi ya moja.

Nchini Marekani, mabadiliko yalianza kabla simu janja hazijaenea. Sheria ya Mawasiliano iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton tarehe 8 Februari, 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki kitaifa. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa vituo 40, yaani 20 vya AM na 20 vya FM. Sheria hiyo pia iliruhusu kampuni moja kuwa na hadi vituo vinane katika masoko makubwa zaidi. Ndani ya miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200.

Ununuzi wa kiwango hicho uligharimiwa kwa mikopo. Mwaka 2008 Clear Channel yenyewe ilinunuliwa na kampuni za uwekezaji za Bain Capital na Thomas H. Lee kwa utaratibu ulioiachia kampuni mzigo mkubwa wa deni, mwaka uleule ambao msukosuko wa fedha duniani ulishusha mapato ya matangazo ya biashara. Ilibadilishwa jina kuwa iHeartMedia na, Machi 2018, ikaomba ulinzi wa mahakama ikiwa na deni la takriban dola bilioni 20. Kampuni ya Cumulus ilikuwa imetangulia mahakamani Novemba 2017. Audacy, kama ilivyoelezwa, ilifuata Januari 2024.

Vituo vingi vya kampuni hizi viliendelea kupata wasikilizaji na hata faida ya uendeshaji katika kipindi hicho. Fedha zilizopatikana zilikwenda kulipa riba. Kupungua kwa waandishi katika mji fulani kulitokana, kwa sehemu, na maamuzi yaliyofanywa na wakopeshaji ambao hawakuwahi kusikiliza kituo hicho. Intaneti ilichukua sehemu ya watangazaji wa biashara, hilo halina ubishi. Lakini ilikuta nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa zimekwisha kuwekwa rehani.

Mwezi Oktoba 2017, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifuta kanuni iliyokuwa na umri wa takriban miaka 80 iliyotaka kila kituo kiwe na studio kuu ndani au jirani ya eneo kinalolihudumia. Waliounga mkono hatua hiyo walisema kwamba barua pepe na simu zimeondoa haja ya mwananchi kufika mlangoni. Waliopinga walisema kanuni hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya mwisho ya kisheria ya kuwa na mtu mjini. Kwa vyovyote vile, baada ya kufutwa kwake kampuni iliweza kufunga jengo, kuuza samani na kubakiza mnara.

Usiku wa Minot

Mjadala wa Marekani kuhusu jambo hili hurejea kila mara katika mji mmoja mdogo wa jimbo la North Dakota. Tarehe 18 Januari, 2002, baada ya saa saba na nusu usiku, treni ya mizigo iliacha reli kandokando ya mji wa Minot. Mabehewa 31 yalianguka, baadhi ya matangi yakapasuka na wingu la gesi ya amonia likaenea kuelekea makazi ya watu katika baridi kali. Mtu mmoja alifariki dunia na mamia walijeruhiwa.

Vituo vyote sita vya redio vya kibiashara vya mji huo vilikuwa mali ya Clear Channel. Wananchi waliofungua redio kutafuta maelekezo walisikia muziki ukiendelea, na polisi walipata shida kuwasiliana na kituo kilichokuwa kimeteuliwa kutoa tahadhari. Kampuni ilijitetea kwamba mfumo rasmi wa tahadhari haukutumiwa ipasavyo na mamlaka za mji, na utetezi huo una ukweli ndani yake, kwani vifaa vya upande wa polisi havikuwa vimewekwa sawasawa. Lakini mfumo wa tahadhari ni mashine inayosubiri mtu aibonyeze. Katika kituo chenye watu, hitilafu ya mashine huzibwa na mtangazaji anayepokea simu ya jirani yake na kufungua kipaza sauti.

Mfano wa upande wa pili upo, na haki inataka nao utajwe. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans tarehe 29 Agosti, 2005, kituo cha WWL kilibaki hewani, na ndani ya siku chache kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, Entercom na Clear Channel hiyohiyo, ziliunganisha watangazaji na masafa yao kuhudumia watu waliozingirwa na maji. Vivyo hivyo Septemba 2024, mabaki ya Kimbunga Helene yalipokata umeme, maji na mawasiliano ya simu magharibi mwa North Carolina, wakazi wa Asheville walitegemea redio ya umma ya Blue Ridge Public Radio na kituo cha WWNC cha iHeartMedia, ambacho kilipokea simu za wananchi hewani na kurushwa pia na vituo ndugu. Kampuni kubwa, basi, inaweza kufanya kazi nzuri panapokuwa na watangazaji waliobaki. Watangazaji hao hawawezi kuajiriwa siku ya mafuriko.

Uingereza: dakika tano kwa kila mji

Nchini Uingereza redio ya eneo ililelewa zaidi na shirika la umma. Kituo cha kwanza cha redio ya eneo cha BBC, Radio Leicester, kilianza tarehe 8 Novemba, 1967, na England peke yake ikafikia vituo 39.

Umuhimu wa vituo hivyo ulionekana kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia tarehe 29 Septemba, 2022. Serikali ya Waziri Mkuu Liz Truss ilikuwa imetangaza bajeti ndogo siku sita kabla, thamani ya pauni ikashuka na riba za mikopo ya nyumba zikaanza kupanda. Waziri Mkuu huyo, ambaye hakuwa amesikika tangu msukosuko uanze, alifanya mahojiano mfululizo na vituo vinane vya redio za eneo za BBC, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikipewa takriban dakika tano. Ilikuwa desturi ya viongozi kufanya mzunguko wa aina hiyo kabla ya mkutano mkuu wa chama, na washauri wa siasa kwa kawaida huuona kuwa mwepesi kuliko kukabiliana na wanahabari wa kitaifa.

Asubuhi hiyo haikuwa nyepesi. Watangazaji wa Leeds, Norfolk, Kent, Lancashire, Nottingham, Tees, Bristol na Stoke waliuliza maswali ambayo wasikilizaji wao walikuwa wamekwisha kuyatuma: kuhusu rehani za nyumba, bei ya nishati, na, kwa Lancashire, uchimbaji wa gesi katika ardhi yao. Nchi nzima ilisikiliza marudio ya mahojiano hayo siku nzima.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 31 Oktoba, BBC ilitangaza mpango wa kupunguza vipindi vya vituo hivyohivyo. Kila kituo kingebaki na vipindi vyake siku za kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Baada ya hapo, na katika sehemu kubwa ya siku za mwisho wa juma, vituo jirani vingetumia kipindi kimoja, na saa za usiku eneo la kipindi kimoja lingekuwa pana zaidi. Shirika lilieleza kwamba wasikilizaji wanahamia mtandaoni na kwamba fedha zitakazookolewa katika redio zitaajiri waandishi wa habari za mtandaoni na vikundi vya uchunguzi mikoani. Ikumbukwe kwamba ada ya leseni inayoigharimia BBC ilikuwa imezuiwa kupanda, ikabaki pauni 159 kwa mwaka hadi Aprili 2024, wakati mfumuko wa bei ukila thamani yake.

Wafanyakazi waligoma tarehe 15 Machi, 2023, siku ya kusomwa kwa bajeti ya taifa, na tena tarehe 7 na 8 Juni. Mpango ulitekelezwa. Baadhi ya watangazaji waliokuwa wamehudumu kwa miongo kadhaa waliombwa kuomba upya nafasi zao, wengine wakaondoka. Hoja ya BBC kuhusu mtandao ina uzito wake, kwani habari ya uchunguzi iliyoandikwa husomwa na watu ambao hawajawahi kufungua redio. Hata hivyo, wanaonufaika na uhamisho huo si wale wanaopoteza. Msikilizaji wa redio ya eneo kwa kawaida ni mtu mzima, mara nyingi mzee anayeishi peke yake, na kwake sauti ya saa tisa alasiri inayotaja barabara anayoijua haibadilishwi na makala ya kwenye simu.

Upande wa redio za kibiashara mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Mamlaka ya udhibiti, Ofcom, ililegeza masharti ya vipindi vya eneo mwishoni mwa mwaka 2018, na mwaka uliofuata kampuni ya Global ikaondoa vipindi vingi vya asubuhi vya mikoani na kuweka vya kitaifa. Bauer ilifuata mwaka 2020 kwa kugeuza makumi ya vituo vidogo kuwa sehemu ya mtandao wa Greatest Hits Radio. Sheria ya Vyombo vya Habari ya mwaka 2024 iliondoa sharti la kuandaa vipindi katika eneo, ingawa ilibakiza wajibu wa kutangaza habari za eneo. Februari 2025 Global ikahitimisha vipindi vyake vya mikoa vilivyokuwa vimesalia England.

Kanada nayo haikusalimika: Februari 2024 kampuni ya Bell ilitangaza kupunguza nafasi 4,800 za kazi na kuuza vituo 45 kati ya 103 vya redio ilivyomiliki.

Redio za umma za maeneo ya mbali

Marekani imekuwa na njia ya pili ya kuhudumia maeneo ambayo mfanyabiashara hayaoni, nayo ni redio za umma zinazoendeshwa na vyuo, manispaa na jumuiya, zikisaidiwa na fedha za Serikali ya Shirikisho kupitia shirika la CPB. Julai 2025 Bunge la nchi hiyo lilirejesha hazina dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa shirika hilo kwa miaka miwili, na Rais Donald Trump akatia saini tarehe 24 Julai. Agosti, CPB ilitangaza kuanza kufunga shughuli zake.

Vituo vikubwa vya mijini vina wafadhili na wachangiaji wengi. Pigo kwao ni la kuhimilika. Tofauti yake inaonekana katika kituo kama KYUK cha Bethel, Alaska, kinachotangaza kwa Kiingereza na Kiyup'ik katika eneo lisilofikika kwa barabara kutoka sehemu nyingine ya jimbo. Zaidi ya nusu ya bajeti yake ilitokana na ruzuku hiyo. Katika mazingira ya barafu inayopasuka na mito inayofurika, taarifa ya redio ndiyo humwambia mvuvi kama asafiri au asisafiri, na lugha inayotumika kumwambia ni nadra kusikika katika vituo vingine vya habari.

Changamoto nyingine ni ya kifaa chenyewe. Redio nyingi za habari za Marekani ziko katika masafa ya AM, ambayo hufika mbali hasa usiku. Baadhi ya watengenezaji wa magari ya umeme wameondoa redio ya AM kwa maelezo kwamba mota za magari hayo huingilia mawimbi yake. Ford ilipanga kufanya hivyo kisha ikabadili uamuzi Mei 2023 baada ya shinikizo la wabunge na maofisa wa maafa. WINS kilijihami mapema kwa kuongeza masafa ya FM 92.3 Oktoba 2022, jambo ambalo linasaidia kueleza kwa nini, miaka miwili baadaye, ndicho kilichobakizwa.

Vipindi vya kupokea

Kwa msikilizaji wa Kiswahili, sehemu ya habari hizi si ngeni. Redio nyingi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi zimejiunga na idhaa za Kiswahili za mashirika ya nje kwa ajili ya taarifa za kimataifa, na utaratibu huo umewapa wasikilizaji wa wilayani habari ambazo kituo kidogo kisingemudu kuzikusanya. Gharama yake huonekana pale mwandaaji anaponyamaza. Tarehe 15 Machi, 2025, wafanyakazi wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kufuatia agizo la Serikali ya Marekani la kupunguza wakala unaoisimamia. Idhaa ya Kiswahili ilikuwa miongoni mwa zilizonyamaza, na vituo shirika vikabaki na nafasi tupu za kujaza katika ratiba kwa uamuzi uliofanyika Washington. Kipindi cha kupokea ni nafuu kwa sababu maamuzi yake yamefanywa na mtu mwingine, na uamuzi wa kukifuta huwa miongoni mwa maamuzi hayo.

Aina ya leseni nayo ina nafasi yake. Tanzania hutofautisha leseni za utangazaji kwa ngazi ya taifa, mkoa, wilaya na jamii, na mpangilio huo hukifunga kituo na eneo lake kisheria. Uzoefu wa Uingereza na Marekani unaonesha kwamba kifungo hicho hulegezwa mara chache kwa tangazo kubwa. Hulegezwa kwa vibali vidogo: kwanza saa za usiku, kisha Jumamosi, kisha alasiri, kila kimoja kikiwa na sababu ya kueleweka.

Nchini Uingereza mjadala utarudi tena hivi karibuni. Mkataba wa Kifalme unaoiongoza BBC unamalizika tarehe 31 Desemba, 2027, na mazungumzo ya mkataba mpya yanahusu namna shirika hilo litakavyogharimiwa. Vituo 39 vya England bado viko hewani, na siku za kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana kila kimoja kinatangaza kutoka mjini kwake.